Namba gani inafuata? Jinsi ya kuupata mpangilio uliojificha bila kubahatisha

Haya maswali ya "namba gani inafuata" sasaivi yako kila mahali. Mtoto anakutana nayo kwenye mazoezi ya hisabati shuleni, kijana aliyemaliza chuo anayakuta kwenye testi ya usaili, na jioni kuna mtu lazima atupie moja kwenye grupu la WhatsApp afu watu wabishane mpaka usiku. Kinachoniuma ni kwamba wengi hapa Mwanza, watoto kwa wakubwa, wanaamini hili ni jambo la waliozaliwa na akili ya namba, yani jibu ukiliona umeliona na usipoliona ndo basi tena. Sio kweli kabisa. Kuna njia ya kuyaendea, inafundishika, mtoto anayejua kujumlisha na kutoa anaishika vizuri tu, na nataka niieleze kwa namba zenyewe. Chukua daftari na kalamu, manake ukisoma kwa macho tu haiingii.

Tuanze hapa:

3, 5, 9, 15, 23, ?

Wengi wanazikodolea macho hizo namba wakisubiri jibu lishuke. Usikodoe, andika. Chini ya kila namba mbili zinazofuatana andika pengo lake, kutoka 3 mpaka 5 ni 2, kutoka 5 mpaka 9 ni 4, kisha 6, kisha 8. Sasa una mstari mpya, 2, 4, 6, 8, na huo hata mtoto anaujua kwamba inakuja 10. Basi 23 jumlisha 10 ni 33, kwisha. Swali gumu umeligeuza kuwa swali jepesi kwa kuandika mapengo tu, na kwa uzoefu wangu hii hatua peke yake inamaliza sehemu kubwa ya maswali ya mashuleni, kwa hiyo ifanye kila mara hata pale unapohisi jibu umeshalijua.

Na kama mapengo yenyewe bado hayaeleweki? Unashuka tena, unatafuta mapengo ya mapengo. Pita sokoni, iwe Kirumba iwe Igoma, uangalie wanavyopanga machungwa kwenye fungu: matatu chini, moja juu, jumla manne. Ukitaka fungu kubwa zaidi la namna hiyo hiyo ya pembetatu unaweka sita chini, matatu katikati, moja kileleni, jumla kumi. Ukiendelea kuongeza ghorofa moja chini kila mara unapata:

1, 4, 10, 20, 35, ?

Mapengo: 3, 6, 10, 15
Mapengo ya mapengo: 3, 4, 5
Shuka tena: 1, 1

Ukifika kwenye mstari wenye namba ile ile inayojirudia, umefika chini, sasa panda. Mstari wa mwisho unaongeza 1 nyingine, kwa hiyo juu yake 5 inakuwa 6, juu yake tena 15 jumlisha 6 ni 21, na juu kabisa 35 jumlisha 21 ni 56. Machungwa 56, na hujayapanga wala kuyagusa. Uzuri wa hii njia ni kwamba haihitaji fomula yoyote, ni kutoa ukienda chini na kujumlisha ukirudi juu. Mwingereza Charles Babbage miaka ya 1820 alianza kujenga mashine ya kukokotoa majedwali ya namba, na moyo wa ile mashine ulikuwa hiki hiki, kujumlisha tofauti mstari kwa mstari bila kuzidisha popote. Kwa hiyo mtoto wako akichora hiyo ngazi ya namba kwenye daftari usimwambie anapoteza muda.

Ila kuna namba ambazo ukishuka nazo hazifiki chini hata ushuke mpaka kesho. Hapo ndo inabidi uangalie mapengo yanafanana na nini, na hapa naomba uende taratibu kwa sababu ndo penye utamu wenyewe.

2, 6, 18, 54, ?

Mapengo ni 4, 12, 36. Ona, namba za juu zinakua mara tatu tatu, na mapengo nayo yanakua mara tatu tatu vile vile. Mapengo yakikua kwa mwendo ule ule wa namba za juu, jua kuna kuzidisha. Acha kutoa, anza kugawanya: 6 gawanya kwa 2 ni 3, 18 kwa 6 ni 3, 54 kwa 18 ni 3. Basi 54 mara 3 ni 162.

Watunga maswali wanajua watu wanaigundua hiyo haraka, kwa hiyo wanaichafua kidogo:

5, 11, 23, 47, 95, ?

Ukigawanya hapa hupati namba nzima na watu wengi wanakata tamaa papo hapo. Lakini we si umeandika mapengo? 6, 12, 24, 48. Hayo yanajizidisha mara mbili safi kabisa, hamna uchafu. Manake kule juu kuna "mara mbili" halafu kuna kitu kimeongezwa. Jaribu: 5 mara 2 ni 10, wao wana 11, imeongezwa 1. 11 mara 2 ni 22, wana 23, tena 1. Sheria ni zidisha kwa mbili ongeza moja, jibu ni 191. Mapengo yanafuta kile kilichoongezwa na kukuachia kuzidisha peke yake, ndo maana nasisitiza uyaandike.

Halafu kuna hii ambayo mi naipenda kuliko zote:

3, 4, 7, 11, 18, 29, ?

Andika mapengo: 1, 3, 4, 7, 11. Subiri, hizo si ndo zile zile za juu zimerudi? Ndiyo, zimerudi zimesogea tu. Mapengo yakiwa ni mfuatano wenyewe, maana yake kila namba imepatikana kwa kujumlisha mbili zilizotangulia: 3 na 4 ni 7, 4 na 7 ni 11, 7 na 11 ni 18. Inayofuata ni 18 na 29, yani 47. Ndugu yake maarufu ni 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, unaitwa mfuatano wa Fibonacci kwa sababu ya Leonardo wa Pisa kule Italia, ambaye mwaka 1202 aliandika swali la sungura wanaozaliana mwezi hadi mwezi, ingawa wataalamu wa India walikuwa wanazijua hizo namba kabla yake. Mtoto akishaijua hii moja, zote za ukoo huo anazikamata.

Sasa kabla hujaanza kuandika mapengo kuna kuangalia kwa haraka ambako kunakusaidia kujua uende wapi: tazama mwendo. Namba zikipanda pole pole ni kujumlisha, mapengo yatamaliza. Zikipanda mbio ni kuzidisha. Zikipaa mpaka unashangaa, kama 1, 2, 6, 24, 120, basi hata kinachozidisha kinaongezeka, hapo ni mara 2, mara 3, mara 4, mara 5, inakuja mara 6 ambayo ni 720. Na zikipanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa siku ya upepo, hapo shuku kwamba umepewa mifuatano miwili iliyochanganywa:

4, 30, 7, 26, 10, 22, 13, ?

Ruka moja moja. Ya kwanza, ya tatu, ya tano: 4, 7, 10, 13, inaongeza tatu. Ya pili, ya nne, ya sita: 30, 26, 22, inapunguza nne, kwa hiyo jibu 18. Dalili nyingine ya mchanganyiko huu ni urefu, ukiona wamekupa namba saba nane hivi badala ya nne au tano ujue kuna sababu, kwani mifuatano miwili inahitaji namba za kutosha kila mmoja. Kwenye testi za usaili hizi hazikosekani.

Kuna kundi ambalo mapengo yanasaidia lakini kukariri kunasaidia zaidi. Najua watu hawapendi kukariri, ila hizi chache zinalipa. Namba zilizojizidisha zenyewe, 1, 4, 9, 16, 25, 36 mpaka angalau 225. Zilizojizidisha mara tatu, 1, 8, 27, 64, 125, 216, 343, 512, 729, 1000. Za mbili mbili, 2, 4, 8, 16 mpaka 1024. Na namba tasa, yani zile zenye vigawanyo viwili tu, 1 na yenyewe, mpaka 50: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47. Kabla daraja la Kigongo-Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, foleni ya kusubiri kivuko ilikuwa inatosha kuzisoma zote na kuzirudia, sasaivi itabidi utumie daladala.

Kwa nini ukariri? Kwa sababu mtunga swali haweki 1, 8, 27, 64 wazi wazi, anakuwekea majirani zake. Ukiona 0, 7, 26, 63 lazima akili ikwambie mbona zote ziko hatua moja nyuma ya 1, 8, 27, 64, basi inayofuata ni 124. Ukiona 2, 5, 10, 17, 26 ni 1, 4, 9, 16, 25 zimeongezwa moja, inakuja 37. Aliyekariri anatumia sekunde chache. Na namba tasa ndo mbaya zaidi kwa asiyekariri, manake mapengo yake ni 1, 2, 2, 4, 2, 4, hayashiki mstari wowote, utashuka ngazi mpaka karatasi iishe. Mapengo yakiwa ya fujo halafu namba zenyewe karibu zote ni witiri, jiulize kama ni tasa. Na 1 sio namba tasa, wengi wanajikwaa hapo.

Baada ya hapo kuna zile ambazo hesabu hamna ndani yake, na hizi ndo zinazotawala kwenye magrupu.

31, 28, 31, 30, 31, 30, ? ni siku za miezi, jibu 31 ya Julai.

8, 11, 2, 5, ? ni saa ya ukutani, inaongeza masaa matatu na ikipita 12 inaanza upya, jibu 8. Ukiona namba zinapanda halafu ghafla zinaanguka, na hakuna inayozidi 12, fikiria saa au miezi. Isiyozidi 7 fikiria siku za wiki.

4, 5, 4, 3, 4, 4, 4, 4, 4, 4, ? hesabu herufi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi. Inayofuata ni kumi na moja, herufi 10.

Na ile ngumu iliyozunguka sana, 1, 11, 21, 1211, 111221. Isome kwa sauti. Mstari wa kwanza una 1 moja, andika 11. Huo una 1 mbili, andika 21. Huo una 2 moja kisha 1 moja, andika 1211. Kila mstari unaeleza ule wa juu yake, kwa hiyo baada ya 111221 unasema 1 tatu, 2 mbili, 1 moja, yani 312211. Mtaalamu wa hisabati John Conway aliuchunguza huu mfuatano kwa undani miaka ya 1980, kwa hiyo sio mchezo wa kitoto. Kumbuka kipimo hiki: namba ikirefuka tarakimu zake na tarakimu zenyewe hazizidi 3, hapo ni kusoma.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndo muhimu kuliko vyote nilivyosema, na hakifundishwi. Ukishapata sheria, usiiamini bado. Ipime. Ficha namba ya mwisho waliyokupa kwa kidole, tumia sheria yako kuitabiri, afu ondoa kidole. Ikigonga, sheria ina uzito. Isipogonga, itupe hata kama uliipenda. Chukua 2, 4, 8. Kila mtu atasema 16, anazidisha kwa mbili. Lakini mapengo ni 2 na 4, yanaweza kuendelea 6, na jibu likawa 14. Namba tatu hazitoshi kuthibitisha kitu chochote, na nusu ya ugomvi wa kwenye magrupu unatokana na maswali yenye namba tatu tu, kila upande una haki yake na hakuna wa kuamua.

Ona na hii:

12, 15, 21, 24, 30, 33, 39, ?

Mapengo ni 3, 6, 3, 6, 3, 6, basi inakuja 3, jibu 42. Safi. Ila mwingine anakwambia jibu ni 51, na anakuonyesha: kila namba imejumlishwa na tarakimu zake, 12 ina 1 na 2 ambazo ni 3, 12 jumlisha 3 ni 15, 15 ina 1 na 5 ambazo ni 6, inakuwa 21, na kuendelea mpaka 39 ambayo 3 na 9 ni 12, 39 jumlisha 12 ni 51. Pima zote mbili, zote zinagonga namba zote saba! Na ukweli wa kihisabati ni kwamba kwa orodha yoyote unaweza kutunga fomula itakayotoa namba yoyote unayoitaka mbele. Kwa hiyo swali halisi ni "mtunga swali alikuwa na sheria gani kichwani", na kanuni ya kuamua ni kuchukua sheria fupi kuliko zote inayoeleza namba zote. Kwangu mimi 42 inashinda. Kama ni mtihani wa kuchagua, angalia majibu uliyopewa, 42 isipokuwepo na 51 ipo basi umeshajua walichotaka.

Anayeona naongeza chumvi kuhusu kupima achore duara. Weka nukta ukingoni, unganisha kila nukta na kila nukta kwa mistari iliyonyooka, panga nukta zako vizuri mistari mitatu isikutane sehemu moja mle ndani, afu hesabu vipande. Nukta moja, kipande 1. Mbili, vipande 2. Tatu, 4. Nne, 8. Tano, 16. Sita? Utaapa ni 32. Hesabu, ni 31. Namba tano zote zilitii "mara mbili" na ya sita ikakataa. Lakini ile ngazi yetu ya mapengo inaishika: 1, 2, 4, 8, 16, 31 ina mapengo 1, 2, 4, 8, 15, chini yake 1, 2, 4, 7, chini yake 1, 2, 3, chini kabisa 1, 1. Panda: 4, 11, 26, na juu 57. Nukta saba zinatoa vipande 57 kweli, mwenye subira ahesabu.

Kwenye chumba cha mtihani muda ni mdogo, kwa hiyo mi nawaambia vijana wafuate mpangilio huu bila kuruka: tazama mwendo, andika mapengo, shuka mara ya pili, kisha gawanya, kisha ruka moja moja, kisha linganisha na ulizokariri. Ikishindikana ruka swali uendelee, utarudi. Ukiwa nyumbani na bando lipo, ingia oeis.org uandike namba zako na mkato kati yake, itakuletea mifuatano inayofahamika yenye namba hizo. Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964, mwaka 1996 ikawekwa kwenye intaneti, na sasa ina mifuatano zaidi ya laki tatu. Ila jaribu kwanza mwenyewe, ukianza na hiyo hujifunzi.

Haya, jaribu hizi usitazame chini:

6, 12, 20, 30, 42, ?
100, 98, 94, 86, 70, ?
4, 6, 10, 14, 22, 26, ?
9, 40, 13, 35, 17, 30, ?
2, 3, 6, 18, 108, ?
7, 9, 3, 1, 7, 9, ?

Ya kwanza 56, mapengo yanaongezeka mbili mbili, au ukipenda ni 2 mara 3, 3 mara 4, 4 mara 5. Ya pili 38, inapungua 2, 4, 8, 16, kisha 32. Ya tatu 34, ni namba tasa zimezidishwa kwa mbili. Ya nne 21, ni mifuatano miwili. Ya tano 1944, kila namba ni mbili zilizotangulia zikizidishana, na ukiona imepaa kutoka 18 mpaka 108 hiyo ndo dalili yake. Ya sita 3, inajirudia kila baada ya nne, na hizo ni tarakimu za mwisho za 7, 49, 343, 2401 na kuendelea, kwa hiyo ukitaka kujua 7 iliyojizidisha mara mia moja inaishia na tarakimu gani, gawanya 100 kwa 4, hamna baki, basi unachukua ya nne kwenye mzunguko, inaishia na 1.